Maiti Zinazopumua: Uainishaji wa Muda wa Kompyuta Zinazokataa Kuwaka Mutoshi

Mwaka 1735 Msweden Carl Linnaeus alichapisha Systema Naturae, akavigawa vitu vyote vya maumbile katika milki tatu: mawe, mimea na wanyama. Kompyuta hakuitaja, na tangu hapo wanazuoni wameiacha ikitangatanga bila milki. Sisi wa Mutoshi, pembezoni mwa Kolwezi, hatuoni ugumu wowote. Kompyuta ni jiwe. Shaba imo ndani ya nyaya zake, kobalti imo ndani ya betri ya ile ya kukunja, dhahabu imepakwa kwenye meno ya kumbukumbu yake, manganizi yamelala katika kibetri chake cha duara. Ni jiwe lililotoka huku ndani ya mifuko, likavuka mpaka wa Kasumbalesa juu ya lori, likazunguka dunia, kisha likarudi kwa njia ileile likiwa na skrini na kibao cha herufi. Linalobaki kwa mtafiti ni swali moja: jiwe hilo limefika nyumbani salama, mbona linakataa kuwaka?

Elimu iliyotutangulia kuhusu suala hili ni ya mdomo na ni fupi. Mtoto anatoka chumbani mbio: “Papa, masini inakatala kuwaka!” Jirani, ambaye hajaiona mashine hiyo, anajibu kutoka upande wa pili wa ukuta: “Iko na virisi.” Hapo utafiti umekwisha, na kinachofuata ni kutafuta mtu wa kulipwa.

Tukiwapima wataalamu hao kwa haki, tunakuta kwamba kila mmoja huainisha ugonjwa kulingana na dawa aliyo nayo mfukoni. Mwenye diski mweko yenye programu ya kuua virusi huona virusi. Mwenye bisibisi huona kitu cha kufunguliwa. Mwenye mkono mzito hupiga ubavu wa sanduku, na kwa kuwa mara nyingine hufanikiwa, shule yake haifi. Uainishaji wetu unaacha mifuko ya waganga na kufuata mwenendo wa maiti yenyewe katika dakika yake ya kwanza baada ya kitufe kubonyezwa. Tumepata oda tano. Hazilingani kwa ukubwa, na hatukuzilazimisha zilingane.

Oda ya kwanza: Mabubu

Bubu ni kompyuta ambayo ukiibonyeza haisemi, haizungushi feni hata mzunguko mmoja, haiwashi taa hata moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huidharau oda hii kwa kudhani haina mambo. Kumbe ndiyo pana kuliko zote, na kosa linalotendwa ndani yake ni moja: kuifungua. Kanuni yetu inasema Bubu haifunguliwi kabla ukuta haujahojiwa.

Familia ya kwanza ya Mabubu, basi, ni ile ya Ukuta, na hapa mtafiti hana budi kwenda mbali kidogo. Umeme wa eneo hili ni wa kabila kubwa. Wabelgiji waliuzuia mto Lualaba kwa ajili ya migodi mara mbili: kwanza Nzilo, bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1952, megawati 108, kisha Nseke mwaka 1956, megawati 248. Miaka ya Mobutu ikaongeza laini kutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, kilomita zipatazo 1,700 mpaka hapa Kolwezi, ikakamilika mwaka 1982. Laini hiyo ni ya ajabu kwa fundi wa kompyuta, maana inabeba mkondo mnyoofu, ule unaokwenda upande mmoja tu, kwa volti 500,000. Umeme unazaliwa Inga ukiwa mkondo geu, unageuzwa kuwa mnyoofu ili usafiri, unafika Kolwezi na kugeuzwa tena kuwa mkondo geu ili uingie kwenye gridi. Halafu, ukishapita migodini na kubakiza kiasi cha nyumba zetu, unaingia ndani ya sanduku la kompyuta, na pale kifaa cha ukubwa wa tofali, kile cha kugawa umeme, kinaugeuza kwa mara ya tatu, uwe mnyoofu tena: volti 12, volti 5, volti 3.3. Chochote kilicholala njiani kati ya Inga na tofali hilo ni sehemu ya kompyuta yako. Anayeanza uchunguzi kwa bisibisi amechunguza sentimita arobaini za mwisho za mashine yenye urefu wa kilomita 1,700.

Spishi kuu katika familia hii ni Volti Pungufu. Ukutani panapaswa kuwa na volti 220. Asubuhi zipo. Ikifika saa moja jioni, resho, majiko yetu ya umeme, zinawashwa mtaa mzima kwa ajili ya ugali wa bukari, na nyumba iliyo mwisho wa waya kutoka kabini ya transfoma inabaki na kile ambacho nyumba za mbele zimeacha. Tofali la kisasa linavumilia, kwani kibandiko chake huandikwa volti 100 hadi 240. Matofali ya kizamani, ambayo ndiyo mengi katika kompyuta kuukuu zinazotufikia kutoka Ubelgiji na Dubai, yanataka 200 na zaidi. Yakipewa 160 hayaungui wala hayalalamiki. Feni inaruka nusu mzunguko, inanyamaza, na mwenye nyumba anaandaa matanga.

Hapa niweke malalamiko ya kitaaluma. Zamani kila nyumba ilikuwa na chombo sahihi cha kupimia volti, nacho kilining'inia katikati ya dari: balbu ya uzi. Umeme ukipungua, balbu inageuka rangi ya chungwa, na hata bibi asiyejua kusoma alijua kwamba huu si wakati wa kuwasha redio. Balbu za LED zimeua elimu hiyo. Nyingi zinang'aa vilevile kwa volti 120 kama kwa 220, zinasema uongo kwa mwanga mweupe kabisa, na chini ya mwanga huo watu wanaapa kwamba “umeme upo”. Umeme upo, ndiyo. Kiasi gani, balbu haisemi tena. Multimeta ya bei ndogo pale sokoni husema, lakini mwenye kuinunua huonekana kama mtu anayemshuku mkewe.

Jirani wa spishi hii, na adui yake wa asili, ni Swichi Nyekundu. Hupatikana nyuma ya matofali ya umri fulani, hasa yale yaliyopita Marekani: kiswichi kidogo chenye upande wa 115 na upande wa 230. Mtoto mdadisi, au mtu mzima anayefuta vumbi, akikiachia kwenye 115 kisha akachomeka kwenye ukuta wetu, kinachotokea hakihitaji uainishaji. Kinasikika mpaka barabarani, na harufu yake inakaa siku mbili. Kibaya zaidi ni kwamba kinafanana na uchawi: mashine ilikuwa nzima, hakuna aliyeigusa, imelipuka. Watafiti wanaokuja eneo la tukio waangalie kiswichi kwanza, halafu wamtazame yule anayekwepa macho.

Familia ya pili ya Mabubu ni ya Plagi, na inatokana na jiografia. Kuta zetu zina matundu mawili ya mviringo, ya kifaransa na kibelgiji. Mashine iliyokuja kwa njia ya Zambia au Dubai ina meno matatu ya mstatili, ya kiingereza. Kati yao husimama adapta ya plastiki, na juu ya adapta ralonji (waya wa kurefushia umeme), na kwenye ralonji hiyohiyo jokofu, televisheni na shaja za simu za ukoo mzima. Mnyororo huu unalegea kwa uzito wake wenyewe. Dalili yake ni kwamba kompyuta inawaka mtu akiwa amesimama pembeni na inazima akikaa, kwa sababu akikaa anagusa waya kwa goti. Katika familia hii pekee ndipo wafuasi wa shule ya kupiga wana haki: pigo linarudisha jino mahali pake. Lakini angalieni tundu. Likiwa jeusi pembeni, adapta imeanza kuungua, na hatua itakayofuata si ya uwanja wetu wa utafiti.

Tumesita kuingiza katika oda hii familia ya Waliozushiwa, ambao si mabubu hata kidogo. Hawa wako hai. Feni inazunguka chini ya meza, taa ya kijani inapepesa, kilichozimwa ni skrini tu, ama kwa kitufe chake yenyewe, ama kwa kebo iliyochomekwa kwenye tundu la picha la ubao mkuu wakati kadi ya picha ipo chini yake ikisubiri. Tunawataja kwa sababu fundi huitwa kwa ajili yao kama anavyoitwa kwa wengine, na hulipwa vilevile. Ni fundi gani atakayesema kwa sauti mbele ya familia iliyokusanyika kwamba skrini ilikuwa imezimwa? Atafungua sanduku, atapuliza, atafunga, atawasha skrini.

Oda ya pili: Wapiga Filimbi

Hawa wanaamka, wanazungusha feni, kisha wanapiga filimbi na kukaa hapo. Tangu kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981, mashine hujipima kabla ya kuanza kazi, na ikikuta kasoro kabla skrini haijawa tayari, haina njia ya kuisema isipokuwa mlio. Misimbo, yaani hesabu ya milio hiyo, hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Kwa mmoja, mlio mrefu na mifupi miwili humaanisha kadi ya picha. Kwa mwingine, mitatu mifupi humaanisha kumbukumbu. Kwa jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, yote humaanisha virisi.

Mutoshi, oda hii ina msimu. Kuanzia mwezi wa tano mvua zikishakatika, malori yanapita na udongo mwekundu unainuka hadi kwenye mapaa. Feni ya kompyuta ni mashine ya kunyonya hewa, na hewa yetu miezi hiyo ina udongo ndani yake. Udongo unaingia katika vijitundu vinavyoshika vibao vya kumbukumbu, mguso unapotea, filimbi inalia.

Matibabu ni ya aibu kwa wepesi wake. Chomoa waya ukutani, gusa chuma cha sanduku ili umeme tuli utoke mwilini, toa kibao, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli ya mtoto wa shule, puliza tundu kwa pampu ya baiskeli (mdomo una mate), rudisha kibao mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Walimu wa zamani wangefurahi kujua kwamba mgodi huu wetu wa Mutoshi, ulipoitwa bado Ruwe katika miaka ya kwanza ya karne iliyopita, ulitafutwa na watu wa mtafuta madini Robert Williams kwa sababu ya dhahabu pia, si shaba peke yake. Dhahabu haishiki kutu. Ndiyo maana imewekwa pale. Kinachoharibu ni udongo unaolala juu yake, na kwa hili Mutoshi ina uzoefu wa zaidi ya miaka mia.

Oda ya tatu: Wasahaulifu

Msahaulifu anawaka vizuri kabisa na kukwambia kwamba leo ni siku ya mwaka mpya, miaka mingi iliyopita. Ukimsahihisha anakubali. Umeme ukikatika usiku, kesho yake amerudi kulekule. Kiini chake ni kibetri cha duara kwenye ubao mkuu, cha aina ya CR2032, volti 3, kinachotunza saa na mipangilio wakati mashine imechomolewa. Ajabu yake ni kwamba, ingawa dunia nzima inatujua kwa kobalti, na kobalti kweli imo katika betri za kompyuta za kukunja, za aina ambayo Sony walianza kuiuza mwaka 1991, kibetri hiki hakina kobalti. Kinatumia lithiamu na oksaidi ya manganizi. Nayo manganizi tunayo: Kisenge, upande wa magharibi wa mkoa wetu wa Lualaba, palikuwa na mgodi uliopeleka mzigo wake bandari ya Lobito kwa reli ya Benguela, mpaka vita vya Angola vilipoikata reli mwaka 1975. Kwa hiyo mtu wa Lualaba hana kisingizio cha kijiolojia.

Usahaulifu ungekuwa kichekesho tu kama usingezaa magonjwa mawili mazito. La kwanza: mashine inayoamini iko mwaka 2009 inakataa kufungua kurasa za intaneti, kwa maana kila tovuti salama huonyesha hati yenye tarehe, na hati hiyo kwa macho ya Msahaulifu bado haijazaliwa. Mwenye nyumba ananunua mega zaidi. La pili ndilo linaloua. Kibetri kikifa, mipangilio yote inarudi ilivyotoka kiwandani, na humo imo namna ya kuitafuta diski yenye mfumo. Mashine inatafuta kwa namna isiyofaa, haioni kitu, inaandika maneno meupe juu ya weusi kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Diski ipo, mfumo upo, picha za harusi zipo. Hapa ndipo Shule ya Format hufanya mavuno yake: inatangaza virisi, inafuta kila kitu, inaweka Windows upya, na kwa kuwa katika kazi hiyo ilipita kwenye mipangilio ikairekebisha, mashine inawaka. Ushahidi umepatikana kwamba shule ilikuwa sahihi. Mpaka usiku utakaofuata, umeme utakapokatika.

Kabla ya kukubali hukumu hiyo, chomoa diski mweko zote, maana mashine nyingine hung'ang'ania kuwaka kutoka kwenye diski mweko ya nyimbo iliyosahauliwa nyuma. Kisha angalia tarehe. Tarehe ikiwa ya ajabu, mgonjwa anadai kibetri. Hadai kufutwa.

Oda ya nne: Wazungukaji

Mzungukaji anafika hadi kwenye nembo, vidoti vinazunguka, anazima, anaanza tena, anasema anajitengeneza, anazima. Anaweza kuendelea hivyo mpaka mvua zije. Chanzo chake mara nyingi kina saa na dakika: mashine ilikuwa ikiandika jambo kwenye diski, pengine inajisasisha, na kwenye skrini palikuwa na ombi la adabu kwamba isizimwe. Delestaji, ule mgao wa umeme, haisomi skrini. Umeme ukaondoka katikati ya sentensi, na faili iliyokuwa wazi ikabaki nusu mpya, nusu ya zamani.

Oda hii huwapata zaidi wanafunzi wanaomalizia TFC, ile kazi ya kuhitimu masomo, na si kwa bahati mbaya. Ndio wanaoacha mashine ikiwaka usiku kucha, ndio wenye faili moja tu isiyo na nakala, na ndio wanaokubali lolote fundi atakaloshauri saa kumi na moja alfajiri. Kwao tunaacha ubaridi wa kitaaluma na kusema wazi: usimruhusu mtu afute. Mwambie akuletee diski mweko yenye Linux, awashe mashine kupitia hiyo bila kugusa diski ya ndani, anakili kazi yako kwanza. Ukisikia diski ikigonga tiki-tiki-tiki, zima papo hapo, kila dakika unayoiacha inakwangua kurasa. Baada ya nakala, wajaribu watakavyo. Na mwenye uwezo anunue onduleri, betri ya dharura ambayo si lazima ikupe saa nzima ya kazi. Dakika tano za kufunga faili na kuzima kwa heshima zinatosha.

Oda ya tano: Wafu wa kweli

Ni wachache kuliko inavyosemwa. Radi za kati ya mwezi wa kumi na wa nne zinawazalisha wengi wao, zikipitia waya wa umeme, na hakuna stabilizateri ya sokoni inayozizuia. Anayesikia ngurumo achomoe. Wengine wameuawa na mende, ambao hupenda joto la tofali la umeme na kufia juu ya nyaya zake. Hawa wazikwe. Sehemu zao zinazofaa zigawiwe walio hai.

Imebaki spishi moja ambayo imewashinda wote walioandika kwa mdomo kabla yetu, nayo ni ile inayopona njiani. Nyumbani ni Bubu, familia nzima ni mashahidi. Inabebwa kwenye pikipiki mpaka mjini kwa fundi, anaichomeka, inawaka kwa kitufe cha kwanza. Inarudishwa, jioni ni Bubu tena. Wapo wanaosema mashine inamwogopa fundi. Wapo wanaosema ni nyumba, na wanataja shangazi. Uainishaji wetu unaitambua bila shida: ni Volti Pungufu aliyechukuliwa matembezi. Kibanda cha fundi kiko hatua chache kutoka kabini, naye ana stabilizateri ya kusawazisha volti, na mteja hufika kwake saa nne asubuhi, mtaani kwao resho zikiwa baridi. Mwenye kushuku aiwashe nyumbani alfajiri, kabla jiko la kwanza halijawashwa. Ikiwaka alfajiri na kukataa jioni, kinachohitaji kutibiwa hakibebeki kwa pikipiki.

Mama mmoja aliyeileta hiyohiyo kwa mara nyingine alimuuliza fundi kwa uchungu: “Papa, kwako inawaka, kwangu inakatala. Nilikukosea nini?” Fundi aliitazama mashine ikiwaka vizuri mbele yake, akaifuta vumbi kwa mkono.

“Mama, hii ni nzima. Siku ingine uniletee ukuta.”

Kisha akamtoza faranga za kufungua.